Kosa Limeandikwa, Lisomwe

Kuna ushauri uliota mizizi katika madarasa na vikundi vya vijana wanaojifunza kuandika programu, na kila ninapousikia hunikera. Mwanafunzi anaendesha skripti yake, inakatika katikati, skrini inajaa mistari ya maandishi mekundu. Kabla hajasoma hata mstari mmoja, mwenzake au mwalimu wake anamwambia: "Hayo usihangaike nayo. Nakili yote, bandika kwenye akili mnemba, chukua itakachokupa, endesha tena." Skripti ikikataa, anabandika tena. Ikikubali, anaenda zake, na kilichoifanya ikatae hakuna anayekijua chumbani.

Wanaoutetea ushauri huu si wajinga, na hoja zao zinasikilizika. Wanasema ujumbe wa kosa uliandikwa kwa ajili ya mafundi waliobobea, mwanagenzi hauwezi. Wanasema uko kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata aliyefaulu mtihani wa Kiingereza hakitambui. Na wanasema kwamba chombo cha kuusoma kwa niaba yetu kimeshapatikana, kwa hiyo kumlazimisha kijana ausome mwenyewe ni kumpotezea muda. Mimi nasema ushauri huu unawanyang'anya vijana ile sehemu ya kazi yenye mafunzo kuliko zote. Nitaonyesha kwa Python, lugha ya skripti ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa hadharani mwaka 1991, kwa kuwa ndiyo wanafunzi wengi wa kwetu huanza nayo.

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu ana faili la michango lenye jina, tarehe na kiasi. Kijana mmoja kwenye kikundi ameandika skripti fupi inayolisoma faili hilo mstari kwa mstari, inageuza kila kiasi kuwa namba kwa kutumia int, kisha inajumlisha. Anaiendesha. Inakatika, na mstari wa mwisho kabisa kwenye skrini unasema:

ValueError: invalid literal for int() with base 10: '12,500/='

Hapa ndipo anapoambiwa anakili na kubandika. Ngoja kwanza tusome. Neno la mwanzo, ValueError, linataja aina ya kosa, na Python haitaji aina kwa kubahatisha. Kama skripti ingeipa int kitu ambacho int haipokei kabisa, tuseme orodha nzima ya majina, kosa lingeitwa TypeError. Hapa imepewa maandishi, na maandishi int huyapokea. Tatizo ni kilichomo ndani yake. Neno moja limeshatuondolea nusu ya mambo ya kushuku. Kisha ujumbe unamtaja aliyekataa, yaani int. Maneno base 10 yamo kwa sababu int inaweza pia kusoma namba za mfumo wa mbili au wa kumi na sita. Ukiiambia isome 'ff' kwa mfumo wa 16 inakurudishia 255. Safari hii ilikuwa inasoma kwa mfumo wa kumi, huu wa kila siku. Halafu, baada ya nukta pacha, ndani ya alama za kunukuu, kimewekwa kile kile kilichokataliwa, herufi kwa herufi: 12,500/=.

Hakuna kilichofichwa. Aliyejaza faili aliandika fedha kama zinavyoandikwa kwenye risiti za Dar es Salaam na Nairobi, na kwa Python mkato, mkwaju na alama ya sawasawa havimo katika namba kamili. Mistari iliyo juu yake inataja faili la skripti, namba ya mstari, na sehemu ipi ya skripti iliyoiita sehemu ipi mpaka tukafika hapo. Ujumbe mzima husomwa kutoka chini kwenda juu: chini kuna kilichotokea, juu kuna njia iliyopitiwa. Utaratibu huo haukufichwa pia. Python huutangaza katika mstari wa kwanza kabisa, kwamba wito wa karibuni zaidi umewekwa mwisho.

Sasa tazama yanayompata asiyesoma. Jibu la kwanza analookota ni kubadili int iwe float, inayosoma namba zenye desimali. Anabadili. Python inamjibu could not convert string to float: '12,500/='. Maneno yamebadilika, kilichomo ndani ya alama za kunukuu ni kile kile. Aliyesoma angeshajua kwamba shida haikuwa aina ya namba.

Jibu la pili, ambalo limeenea kupita kiasi, ni kuuzungushia mstari ule try na except, na chini ya except kuandika pass: ikishindikana, pita. Skripti inafika mwisho bila neno. Inatoa jumla. Jumla hiyo haina mchango hata mmoja ulioandikwa kwa mkato au kwa /=, na hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba umeachwa. Mwanachama aliyetoa fedha zake mwezi baada ya mwezi atasomewa pungufu mbele ya wenzake, katibu ataapa kwamba kompyuta imehesabu, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Jibu la tatu linaonekana la mtu mwerevu: futa kila kisicho tarakimu. 12,500/= inakuwa 12500, safi kabisa. Lakini huko chini kwenye faili yupo mwanachama ambaye mchango wake umeandikwa kwa senti, 12,500.00. Futa kila kisicho tarakimu, unabaki na 1250000. Shilingi elfu kumi na mbili na mia tano zimekuwa milioni moja na robo, mara 100, na skripti haijalalamika hata kidogo.

Marekebisho ya kweli yanaanzia kwenye swali ambalo ujumbe ule ulituwekea mezani: ndani ya faili hili, fedha zimeandikwa kwa namna ngapi? Ukishalijua hilo unaamua. Unaondoa mkato na /=, unazishughulikia senti, na chochote kitakachobaki hakieleweki unakiacha kikatae kwa sauti ili katibu akiangalie. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajaliona faili. Anaweza mwenye faili, na ili alijibu lazima kwanza ajue kwamba limeulizwa.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba skripti ikikatika imeharibika, na ikifika mwisho imepona. Fikra hiyo ndiyo mama wa ushauri wote ninaoupinga. Anayeiamini atauona ujumbe wa kosa kuwa kelele ya kunyamazishwa, na ataridhika na chochote kinachoinyamazisha. Basi tuangalie ukimya wenyewe unavyokuwa.

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, alipokuwa Netscape, kwa muda wa siku 10 tu. Njia ya kurusha kosa na kulidaka haikuwamo tangu mwanzo. Iliingia rasmi kwenye kiwango cha lugha hiyo mwaka 1999. Mpaka leo ina tabia ya kuendelea mbele pale ambapo Python ingegoma. Ukiipa parseInt maandishi yale yale, 12,500/=, inakurudishia 12. Imesoma tarakimu mpaka ikakutana na mkato, ikasimama, ikakupa ilichokwisha kusoma. PHP nayo, ukiilazimisha kuyageuza maandishi hayo kuwa namba kamili, inatoa 12. Hakuna ujumbe, hakuna rangi nyekundu, hakuna skripti iliyokatika. Mwanachama ametoa shilingi 12,500 na kwenye kumbukumbu ameandikiwa shilingi 12. Yeyote anayelalamikia maandishi mekundu ya Python aniambie kwamba angependelea hili.

Bash, ambayo wasimamizi wa seva huitegemea kila siku, ina ubaya wa namna yake: kosa linatangazwa lakini skripti haisimami. Fikiria skripti ya mistari miwili. Wa kwanza unaingia kwa cd kwenye folda la nakala za zamani. Wa pili unafuta kwa rm kila kilichomo. Siku folda lile limehamishwa, cd inasema No such file or directory, na Bash inaenda kwenye mstari wa pili, pale pale ilipokuwa imesimama. Kinachofutwa ni mafaili mengine kabisa. Ujumbe ulitolewa, ulikuwa mfupi na wa kweli, na ulipita. Wenye uzoefu huweka set -e mwanzoni mwa skripti zao kwa ajili ya hilo: wanaiomba lugha isimame. Tim Peters naye, katika kanuni za Python alizoziandika ambazo hujitokeza ukiandika import this, anakataza makosa yasiachwe yapite kimyakimya isipokuwa mtu ameamua hivyo kwa makusudi. Makusudi hayo hana mtu aliyebandika pass kwa sababu ameambiwa abandike.

Nije sasa kwenye ukweli uliomo katika hoja ya kwanza, kwa sababu upo. Kusoma ujumbe wa kosa ni kazi ngumu. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Titus Barik, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, walichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya washiriki 56 waliokuwa wakirekebisha makosa ya programu za Java. Waliona kwamba watu huusoma ujumbe, na kwamba ugumu wa kuusoma unalingana na ugumu wa kusoma programu yenyewe. Mtu anaweza kuyachukua matokeo hayo kama ruhusa ya kuacha kusoma. Mimi nayachukua kinyume. Kama kusoma ujumbe ni kazi ya uzito ule ule wa kusoma programu, basi inastahili kufundishwa kwa vipindi vile vile na kwa uvumilivu ule ule. Hatumwambii mwanafunzi aache kusoma programu kwa kuwa ni ngumu. Tunakaa naye.

Na kinachofanya iwe ngumu ni kitu kimoja ambacho ni wachache wanaokisema darasani: ujumbe wa kosa unakuambia mashine imesimamia wapi. Haukuahidi kukuambia wewe ulikosea wapi. Mara nyingi sehemu hizo mbili ni moja, kama kwenye faili la michango. Zinapoachana, mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo hutazama mstari aliotajiwa, hauoni ubaya wake, na kuanzia hapo hauamini ujumbe wowote tena.

Kwa mfano, mtu ana orodha ya majina na anataka kuipanga kialfabeti. Kwenye mstari wa 6 anaandika majina = majina.sort(). Inaonekana sawa. Kwenye mstari wa 40 anaongeza jina jipya kwa majina.append("Rehema"), na hapo Python inagoma: AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'append'. Anautazama mstari wa 40 mpaka macho yanauma. Mstari wa 40 hauna kosa. Ila ujumbe umemwambia jambo la maana sana: kitu anachokiita majina si orodha tena, ni None, yaani si kitu. Swali sahihi basi ni lini orodha iligeuka kuwa si kitu, na jibu linapatikana kwa kupanda juu ukikagua kila mahali jina hilo lilipopewa thamani mpya. Anafika mstari wa 6. Anajifunza kwamba sort huipanga orodha ile ile pale ilipo na hairudishi chochote, na kwamba yeye aliichukua None hiyo akaiweka mahali pa orodha yake. Hilo somo hatalisahau, na amelipata kwa sababu alimwamini shahidi na akaelewa mipaka ya ushahidi wake.

Upo pia wakati ambapo ujumbe wenyewe ulikuwa mbovu, na siwezi kuutetea. Kwa miaka mingi, ukisahau kufunga mabano kwenye mstari mmoja wa Python, lugha ililalamikia mstari unaofuata, ikisema invalid syntax tu. Maelfu ya wanafunzi waliufuta na kuuandika upya mstari usio na hatia. Lakini angalia kilichotokea. Wajenzi wa Python hawakusema watu waache kusoma. Toleo la 3.9, la mwaka 2020, lilikuja na kichanganuzi kipya kilichoandikwa na Guido van Rossum, Pablo Galindo Salgado na Lysandros Nikolaou, na juu ya msingi huo toleo la 3.10 la mwaka 2021 likaweza kusema wazi kwamba '(' was never closed, na kuonyesha bano lenyewe lililoachwa wazi. Toleo la 3.11, la mwaka 2022, likaongeza alama chini ya kipande halisi cha mstari kilicholeta shida, ili kwenye mstari wenye hesabu tatu ujue ni ipi iliyogoma. La 3.12 likaanza kukuuliza kama umesahau kuingiza moduli, kwa mfano sys. La 3.13, la mwaka 2024, likaweka rangi kwenye ujumbe, na likaanza kukushauri ubadili jina la faili lako pale ulipoliita random.py na hivyo kuifunika random ya Python yenyewe, kosa ambalo wanaoanza hulifanya kila siku. Watu wenye shughuli nyingi wametumia miaka kuboresha sentensi hizi ili zisomwe. Nasi tunawafundisha vijana kuziruka!

Hoja ya pili ni ya Kiingereza. Naielewa, na sitaki kuibeza. Mtoto wa Tanzania anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili kuingia sekondari ya Kiingereza anabeba mzigo mkubwa tayari. Lakini hoja yenyewe inadhani kwamba mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho anausoma ujumbe bila taabu, na hilo si kweli. Mwaka 2011 Guillaume Marceau, Kathi Fisler na Shriram Krishnamurthi walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliokuwa wakianza programu, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba wanafunzi hao walihangaika na msamiati wa ujumbe wa makosa. Lugha yao ya masomo ilikuwa Kiingereza. Kilichowashinda ni maneno ya kazi, na maneno ya kazi kila mtu huyajifunza, awe amezaliwa Boston au Bukoba.

Na maneno yenyewe ni machache. Anayeanza Python atakutana, karibu muda wote, na majina yasiyofika 15: NameError, TypeError, ValueError, IndexError, KeyError, AttributeError, SyntaxError, IndentationError, FileNotFoundError, ModuleNotFoundError, ZeroDivisionError, na mengine kidogo. Huo ni msamiati wa wiki moja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukaririshwa maneno mengi kuliko hayo katika sura moja ya baiolojia, na hakuna anayesema akabidhi kitabu chake kwa mtu mwingine amsomee.

Tena kuna jambo ambalo wenye hoja hii hawalitaji: sehemu kubwa ya ujumbe huo si Kiingereza cha mtu yeyote. Ni maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Majina ya mafaili, majina ya vitu alivyoviunda, data aliyoiingiza, yote hurudishwa kama alivyoyaandika. Andika skripti kwa Kiswahili, uite orodha yako wanachama, halafu chini ukosee kuandika wanchama. Python ya sasa inakujibu name 'wanchama' is not defined. Did you mean: 'wanachama'? Haina kamusi ya Kiswahili ndani yake. Imelinganisha jina ulilokosea na majina uliyoyaunda wewe, ikaona lililo karibu. Mwalimu akiwaruhusu wanafunzi wake wavipe vitu majina ya Kiswahili, badala ya kunakili x, y na foo kutoka vitabu vya kigeni, ujumbe wa kosa utaanza kuzungumza nao kwa maneno wanayoyajua. Hilo linaweza kufanyika kesho asubuhi, halihitaji bajeti.

Imebaki hoja ya tatu, yenye nguvu kuliko zote siku hizi. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, kubandika ujumbe wa kosa na kupata maelezo kumekuwa kazi ya sekunde chache. Kabla ya hapo watu walitafuta kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu iliyoanzishwa mwaka 2008. Sikatai kwamba vyombo hivi vinasaidia. Mtu aliyekwisha kusoma ujumbe wake, akajua aina ya kosa na kitu kilichokataliwa, akauliza swali mahususi, atapata jibu zuri na ataweza kulipima. Ninachokataa ni kubandika badala ya kusoma, kwa sababu anayebandika bila kusoma hana kipimo. Akipewa float hajui kama ni sawa. Akipewa pass hajui amepewa nini. Akiambiwa afute kila kisicho tarakimu atashukuru. Chombo hakijaliona faili la michango wala hakijui kwamba kuna mwanachama anayeandika senti, na hakitasimama mbele ya mkutano wa kikundi kujibu kwa nini jumla haikubali.

Kuna mambo mawili zaidi yasiyozungumzwa vya kutosha. Ujumbe wa kosa hubeba data. Kama skripti ilikuwa inasoma kumbukumbu za wagonjwa au wakopaji, kile kilicho ndani ya alama za kunukuu kinaweza kuwa jina la mtu, namba yake ya simu, au deni lake. Kijana aliyezoea kunakili yote bila kutazama anaituma taarifa hiyo kwenye seva ya kampuni ya ng'ambo bila kujua kwamba ameituma. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Hakuna njia ya kujua kama unachobandika kina siri ya mtu isipokuwa kukisoma kwanza.

La pili ni kwamba mtandao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Python haihitaji intaneti kukuambia ilichokikataa. Ujumbe ulikuwa kwenye skrini siku ile kama siku nyingine zote, na aliyejua kuusoma aliendelea na kazi yake. Vijana wengi wa vijijini na mitaani huishi na hali ya siku ile kila mwezi, vifurushi vinapokwisha. Ushauri wa kubandika uliandaliwa kwa mtu ambaye haishiwi na intaneti, halafu tukawaletea wao.

Kwa hiyo naomba kitu mahususi kwa walimu na kwa wote wanaoendesha vikundi vya programu. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari, na huko Tanzania vipo vikundi vya hiari. Nafasi ya kuanza vizuri ipo. Wiki ile ile mnayofundisha print, leteni skripti fupi mlizozivunja kwa makusudi: moja ina bano lililoachwa wazi, moja inaita jina lisilokuwapo, moja inajumlisha namba na maandishi, moja inafungua faili ambalo halipo. Kabla ya kuziendesha, kila mwanafunzi aandike anadhani mstari wa mwisho utasema nini. Kisha ziendesheni, muusome mstari huo pamoja kwa sauti, na kila mmoja aeleze kwa Kiswahili chake kitu gani kimekataliwa na nani amekikataa. Mwanafunzi akiwaita na kusema "imegoma", msishike kibodi yake. Mwulizeni mstari wa mwisho umesema nini, na msubiri mpaka ajibu. Msimpe alama kwa skripti iliyofika mwisho peke yake. Mpeni pia kwa kueleza sawasawa ile iliyokatika.

Na wewe uliye peke yako na kompyuta ya kuazima, bila mwalimu: fungua skripti iliyokukatalia, shuka mpaka mstari wa chini kabisa, soma aina ya kosa, soma kilicho ndani ya alama za kunukuu, kisha panda juu mstari mmoja mmoja. Ukishajua hayo, uliza yeyote umtakaye.